Nimetumia laki mbili na ushee kununua vifaa vya mafuriko, acha niwaambie kipi kilitusaidia na kipi kilitaka kutuua

Sisi tunakaa Kigogo, upande wa bondeni kwa mto Msimbazi, ule ambao ukimtajia mtu wa Dar anakuuliza kwanza "bado mpo?" ndo anakusalimia. Na ndio, bado tupo, kodi tunaimudu, kazini karibu, shule ya mtoto iko hapo juu tu, kwahiyo wale wa kuniambia dada hama nawaheshimu ila nishasikia. Vuli ya 2023 maji yaliingia ndani mpaka juu ya godoro, friji likafa, vyeti vya shule vya baba watoto vikageuka uji, nikaapa masika hayanikuti hivihivi. Nikachukua hela ya kikoba nikaingia Kariakoo na kwa wauzaji wa mtandaoni nikanunua kila kitu ambacho niliona kinahusu maji. Jumla elfu 237. Baba watoto aliponiona narudi na yale mafurushi akaniuliza tunaenda kuvua au.

Sasa nimevitumia misimu miwili, na usiku mmoja wa Aprili 2024 vilipimwa vyote kwa pamoja, kwahiyo haya sio maneno ya mtu aliyefungua boksi jana akaanza kusifia.

Naanza na drai begi maana ndo inayoulizwa sana. Ni ule mfuko wa plastiki nzito kama turubai la lori, wa kukunja mdomo halafu unabana klipu, wengi wanautumia kwenye boti za Zanzibar na Mafia. Nilichukua wa lita 20 kwa elfu 28. Siku ya kwanza niliujaribu nyumbani, nikaweka gazeti kavu ndani, nikaukunja mdomo mara moja nikabana, nikauzamisha kwenye pipa la maji na tofali juu, baada ya nusu saa natoa gazeti limelowa kama limefuliwa. Nikamrudia muuzaji nimejaa hasira, kijana akacheka akaniambia dada mdomo unakunjwa mara tatu, tena unaukunja umenyooka bila kujipinda ndo ubane. Nikarudia nyumbani, mara tatu, nusu saa, gazeti kavu kabisa. Kwahiyo kosa lilikuwa langu ila pia hakuna aliyenielekeza wakati nalipa, na kikaratasi cha maelezo kilikuwa cha Kichina mwanzo mwisho.

Kitu kingine, usiujaze mpaka shingoni. Ukibaki na hewa kidogo ndani unaelea, yaani hata ukikuponyoka hauzami, unaufuata. Ndani yake kwetu mnakaa hivi: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi ya bima, kadi ya kliniki, mkataba wa pango, daftari la kikoba (mimi ndo katibu, likilowa hilo nahama mji kabla ya mafuriko), dawa ya pumu ya mtoto, nguo zake pea mbili, chaja, na elfu 40 za noti ndogondogo kwa sababu usiku ule bodaboda hana chenji na hataki muamala, mtandao unasumbua. Karatasi zote naziweka kwanza kwenye vile vifuko vya zipu vya kuhifadhia nyama kwenye friza, ulinzi mara mbili. Na begi linaning'inia nyuma ya mlango tangu mwezi wa tatu mpaka wa tano, halafu tena mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, halifunguliwi bila ruhusa yangu. Nyota 5, lawama ni moja tu, nilichukua jeusi. Nitaeleza.

Tochi ya kichwani elfu 12, nyota 5 nyingine, sina maneno mengi. Umeme unakatika, una mtoto mgongoni, begi mkono mmoja, mpini wa fagio mkono mwingine, sasa tochi ya simu utaishikia wapi, mdomoni? Chukua inayotumia betri za kawaida za kununua dukani sio ya kuchaji, maana siku ya shida ya kuchaji utaikuta imelala. Ukiona imeandikwa IPX4 ujue inavumilia manyunyu na mvua tu, ikitumbukia imekwenda. IPX7 ndo inazama mita moja kwa nusu saa na inatoka hai. Yangu ni IPX4 na imefika mpaka leo.

Pawa benki. Hapa nilipigwa jamani. Imeandikwa mAh 50,000 (hicho ndo kipimo cha chaji inayobeba), ni ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, nyepesi, nikasema teknolojia imekua. Kumbe hamna kitu, ilichaji simu yangu mara moja na kidogo ikazima. Mdogo wangu wa ufundi simu akaniambia siku zote ipime kwa mkono, ya mAh 20,000 ya kweli inakaribia nusu kilo, na hata hiyo ya kweli haikupi zote, unapata kama theluthi mbili hivi kwa sababu ya umeme kubadilishwa njiani kuja kwenye simu. Nyota 1, na hiyo moja ni kwa sababu inamulika.

Sasa gambuti. Hizi najua kuna watu watanibishia kwa sababu kila picha ya mafuriko mnaona watu wa uokoaji wamevaa gambuti, na mimi nilinunua pea mbili, yangu na ya baba watoto, elfu 17 kila moja, ngumu, zinafika chini ya goti. Kwenye matope na maji ya kifundoni safi kabisa. Shida ni pale maji yanapopita mdomo wa buti. Yanajaa ndani, ukinyanyua mguu unanyanyua na maji yaliyo ndani, ukikanyaga tope linavuta buti wewe unaenda buti linabaki, na huwezi kulivua umesimama kwa mguu mmoja kwenye maji yanayokimbia. Baba watoto alipoteza moja hivyohivyo, nyingine alikuja nayo imejaa mchanga kama kopo la mjenzi. Kwahiyo kama unatoka ndani na maji yameshaanza kupanda, vaa raba za kamba ukaze, sio ndala, sio peku kwa sababu chini kuna vioo na mabati na misumari, na sio gambuti.

Ila siku ya pili yake, wakati wa kusafisha, gambuti ni mfalme. Yale sio maji ya mvua jamani, tusidanganyane, mnajua watu wa huku mvua ikianza tu wanafungulia vyoo, wanatapisha, kila kitu kinashuka na mtaro, na mto unaleta vya kwake. Ukiingia na miguu wazi na una kidonda umejitafutia. Nyota 2 wakati wa maji, 5 baada ya maji.

Turudi kwenye usiku wenyewe maana ndo utaelewa kwa nini laifujaketi, lile jaketi la kukuelesha kwenye maji, nimeiweka chini kabisa.

Ilikuwa Aprili, ile masika ambayo iliungana na El Niño. TMA, wale wa hali ya hewa, walikuwa wameshatoa ile taarifa yao ya siku tano. Wengi tunaipita tu kwenye status bila kuisoma, mimi nimejifunza kuisoma na haihitaji elimu kubwa. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini wanakuandikia uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, halafu lile sentensi lao "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji". Kwa mtu wa Mbezi Beach juu hilo ni sentensi, kwa mtu wa Kigogo hiyo ni anwani ya nyumbani kwake. Ni bure, inatoka kila siku, naipa nyota 4, moja nimeibana kwa sababu inaongelea mkoa mzima na mimi nataka kujua uchochoro wangu, najua haiwezekani ila ndo matamanio.

Siku hiyo huku kwetu mvua ilikata kama saa kumi na mbili jioni. Anga likafunguka, watu wakatoka, mama wa chipsi akawasha jiko, watoto wanacheza kwenye madimbwi, kila mtu "leo imetupita". Saa mbili usiku shemeji yangu anayekaa Pugu ananitumia voisi: "Dada, huku inapiga tangu saa kumi haijapumua, mtaro wa hapa mbele umefurika, kaeni sawa." Sasa mtu asiyeujua Msimbazi atasema Pugu ni mbali inanihusu nini. Msimbazi unaanzia huko, kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka unakusanya vijito vyote unapitia kwetu unaenda Jangwani mpaka kutokea baharini pale daraja la Salender. Kwahiyo kwako inaweza kuwa kumekauka nyota zinawaka na maji ya Pugu yapo njiani yanakuja. Ndo maana yanakuta watu wamelala. Huyu shemeji ni kifaa changu bora kuliko vyote, hauzwi, kila msimu namnunulia bando la mwezi na ananipa ripoti. Nyota 5. Tafuteni shemeji Pugu, kama mto wenu mwingine tafuteni mtu kwenye chanzo cha huo mto.

Mama mwenye nyumba wetu akaongeza la kwake. Ni mtu wa pwani, baba yake alikuwa mvuvi, akatoka nje akasema leo bamvua, maji yanajaa saa kumi alfajiri. Maana yake bahari ikijaa pale mdomoni inauzibia mto, maji ya juu yanakuja hayana pa kutokea yanarudi kututandika sisi. Mwaka 2011 ile Desemba iliyoua zaidi ya watu 40 mjini hapa, yeye alikaa juu ya bati mpaka asubuhi, majirani zake wengine ndo wale waliohamishiwa na serikali Mabwepande. Huyu mama akisema tuondoke huwa siulizi kwa nini.

Saa tatu na nusu mimi na mtoto tukatoka. Begi, tochi, mpini wa fagio. Huo mpini ni bure na unaingia kwenye hii rivyuu kwa heshima zote, kwa sababu njia yetu ina mtaro usio na mfuniko na chemba mbili, na maji ya rangi ya chai huoni chini, unapapasa mbele ndo unakanyaga. Maji yalikuwa hayajafika hata kifundoni, tukapanda mpaka Mburahati kwa dada, saa nne na robo tulikuwa tunakunywa chai. Hamna filamu hapo, hamna kuokolewa, tuliondoka mapema tukafika. Nikagundua njiani tu kwamba begi jeusi usiku halionekani, mtoto alilidondosha mara moja tukalitafuta kwa tochi kwenye kibwawa kama tunatafuta paka.

Baba watoto akabaki.

Na hapa ndo nataka mnielewe. Vuli ile ya kwanza, ambapo hatukuwa na kifaa hata kimoja, alitoka ndani kabla yangu. Safari hii alibaki kwa sababu tulikuwa na vifaa. Alikuwa na viroba mlangoni, ana gambuti, ana laifujaketi ya elfu 45 ya rangi ya chungwa inang'aa, akajiona askari wa majini. "Nendeni, mimi nalinda vitu." Vitu vyenyewe tivii ya inchi 32 na subufa.

Viroba basi. Nilinunua vitupu 40 kwa mia tano kila kimoja, nikawapa vijana elfu 25 wakajaza mchanga na kupanga mlangoni na kwenye dirisha la chini. Walipanga vizuri, kama tofali, vimepishana, na karatasi ya nailoni chini yake. Mlangoni hapakupita tone. Maji yakatokea chooni. Nasema kweli, yeye amekaa sebuleni anaangalia mlango, anasikia kububujika nyuma, anageuka, choo kinatapika ndani. Maana maji yakipanda nje yanapanda na kwenye shimo, yanatafuta tundu lolote. Tangu siku hiyo kuna kiroba kimoja kizito cha kukaa juu ya tundu la choo na kingine kwenye tundu la bafuni. Viroba vinafaa kwa maji yanayokuja taratibu na ya kimo kidogo, vinakununulia muda wa kunyanyua magodoro. Kwa maji ya ghafla haviwezi, na ubaya wake vinakupa moyo wa kukaa. Nyota 3.

Jambo moja alilofanya vizuri, na nilimwachia maagizo mara mbili mlangoni, ni kuzima meni swichi kabla maji hayajafika kwenye soketi. Soketi za chini zikiguswa na maji na umeme upo hata laifujaketi ya dhahabu haikusaidii. Na kama maji yameshafika kwenye swichi yenyewe au umesimama kwenye maji, usiiguse, toka tu.

Saa tisa usiku maji yakaja kwa kishindo. Anasema hayakupanda kama ndoo inavyojaa, yalikuja kama mtu amefungua mlango. Yakafika gotini, yeye badala ya kutoka akabeba tivii kichwani akawa anavuka uchochoro kwenda nyumba ya jirani ya ghorofa, ni hatua kama kumi na tano. Kumi na tano tu! Chukua rula ya shule ya mtoto, ya sentimita 30. Nusu yake, sentimita 15, maji yanayokimbia ya kimo hicho yanaweza kumwangusha mtu mzima. Rula nzima inatosha kuelesha gari dogo, kwahiyo bajaji usiniulize. Rula mbili zinabeba gari nyingi mnazoziona barabarani, hadi pikapu. Na huyu alikuwa kwenye maji ya goti, gambuti zimejaa, mikono yote miwili juu inashika tivii.

Akaanguka. Tivii ikaenda, Mungu ailaze pema, akasombwa akaenda kugota kwenye nguzo ya umeme akaikumbatia. Laifujaketi ilikuwa imempanda imefika masikioni, inamziba uso, kwa sababu haikuwa na ule mkanda wa kupita katikati ya miguu. Baadae tulipoikagua kwa utulivu tukaona ndani ni sponji la kawaida lile la makochi, limefyonza maji limekuwa zito, hakuna lebo yoyote. Ya kweli ina kibandiko ndani kinachosema nguvu yake ya kuelea kwa nyutoni, yaani N: N 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na yuko karibu na ufukwe, N 100 kwenda juu ndo unaanza kuongea habari ya kumgeuza mtu uso uangalie juu. Yetu ilikuwa imeandikwa kwa nje tu "SAFETY" herufi kubwa, nikaridhika. Muuzaji nilimtumia meseji na picha, akanibloku.

Lakini hata ingekuwa ya kweli, hata ya N 150, maji ya mafuriko ya mjini sio bahari. Yana magogo, mabati, milango, nyaya, mitungi ya gesi, na yanakupeleka yanakotaka yenyewe sio unakotaka wewe, ukibanwa kwenye karavati jaketi haina cha kukufanyia. Jaketi ni ya mtu ambaye mambo yameshaharibika, sio tiketi ya kuingia. Nyota 0 kwa hii yetu. Ya mtoto ya elfu 35 nilienda nayo Koko Bichi nikaijaribu kwenye maji ya kiunoni nimemshika mkono, kidevu chake kikazama ndani ya jaketi yeye anapiga kelele, nikamtoa. Nayo 0.

Kilichomtoa pale ni filimbi. Nilinunua mbili kwa elfu 3, za plastiki za marefa, nyingine nikaifunga kwa kamba kwenye ile jaketi, ndo kitu pekee cha maana kilichokuwemo. Sauti ilishamwishia, mvua imeanza tena, mabati yanapiga kelele, hata ungepiga mayowe nani angekusikia. Akapuliza, tatu tatu, anapumzika, tatu tatu. Vijana wa juu waliokuwa wanakesha na mwenyekiti wa mtaa wakasikia, wakaangaza tochi, hawakuingia kwenye maji (waliotulia hao), wakamrushia kamba yenye dumu tupu la lita 20 mwishoni, akaishika, wakamvuta pembeni pembeni mpaka kwenye ngazi za ile ghorofa. Dumu tupu lililofungwa mfuniko linaelea kuliko jaketi yangu ya elfu 45, na lipo kila nyumba. Filimbi nyota 5, na kama una elfu 5 tu ya kujiandaa nunua filimbi kwa kila mtu ndani, inayobaki nunua betri.

Zimamoto nao waliitwa, namba yao ya dharura ni 114, iandike ukutani kwa makapeni usitegemee simu. Ila kwa hali ilivyokuwa njia nyingi hazipitiki, Jangwani imefungwa kama kawaida yake, kwahiyo saa ile ya kwanza ni nyie wenyewe na majirani zenu.

Alikuja Mburahati saa kumi na mbili asubuhi mguu mmoja peku, mwingine una gambuti, hana tivii. Sikumgombeza siku hiyo. Siku ileile au kesho yake hivi Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akasema bungeni watu 155 wamefariki nchi nzima kwa mvua za msimu ule, tulikuwa tunasikiliza redioni kwa dada, hakuna aliyeongea, mimi nilikuwa naangalia vidole vyake vilivyochunika kwa kukumbatia ile nguzo.

Baada ya maji kushuka haraka haraka: usiwashe umeme mpaka fundi aje aangalie, sisi tulikaa siku nne gizani. Chakula kilichoguswa na maji tupa hata kama roho inauma, nilitupa unga kilo 10. Maji ya kisima usiyaamini, tulitumia Waterguard, ile dawa ya kutibu maji ya kunywa, na tukachemsha juu, maana kipindupindu kinapenda hizi siku. Kuta tukasugua kwa dawa ya klorini tumevaa glavu. Glavu za kuoshea vyombo elfu 2, nyota 4, zinachanika kwenye kidole cha shahada.

Wengine mtauliza habari ya ule mradi wa bonde la Msimbazi. Ndio upo, kuna majirani wa chini yetu wameshalipwa fidia wakabomoa, Jangwani wanajenga daraja refu. Sisi ni wapangaji, fidia inamhusu mama mwenye nyumba, na yeye anasema akihama anahama na wapangaji wake, tuone.

Masika yaliyofuata nilirekebisha. Gambuti zimebaki za usafi tu, zinakaa stoo. Nimeongeza kamba ya mita 20 ya nailoni na dumu lake limefungwa kabisa, lipo kwa jirani wa ghorofa sio kwetu, kwa sababu anayerusha kamba ni aliye juu. Raba za kila mtu ziko chini ya kitanda, kamba hazijafunguliwa zimelegezwa tu. Na baba watoto tumeandikishana, tena kwenye daftari la kikoba mbele ya mama mwenye nyumba, kwamba shemeji wa Pugu akituma voisi wote tunapanda Mburahati, tivii mpya itajiju. Msimu huo tulipanda mara tatu, mara mbili maji hayakuja, dada yangu akaanza kuninunia kwa sukari inayoisha, mara ya tatu yalikuja mpaka dirishani na sisi tulikuwa tumelala zetu Mburahati.

Drai begi jeusi nauza, lita 20, zima halijatoboka, elfu 15, nimelibandika stika za kung'aa za bodaboda pande zote. Mimi nimechukua la njano. Laifujaketi kuna watu wameniulizia, siuzi, ya mtu mzima nimeichana sponji limekuwa mto wa kukalia wa mama wa chipsi.